Paja la Kushoto la Mwalimu Gaspard

Mimi nashona suruali. Magauni, nguo za harusi na sare za kwaya namwachia mke wangu Aziza, maana yeye ana subira na wateja wanaobadili mawazo mara tatu kabla ya saa sita. Mwanamume akija kushonesha suruali anataka mambo matatu tu: imkae, isimbane, isimwaibishe. Hilo la tatu ndilo nililojivunia maisha yangu yote, na ndilo lililoniponza.

Marehemu baba yangu alinifundisha kazi hii hapa hapa Uvira, kwenye kibanda hiki hiki ninachokaa sasa. Alikuwa na sheria moja tu, na alinipiga kofi siku niliyoivunja. "Kitu chenye metre inakuambia, Iddy, uache mu metre," aliniambia. Metre ni ule utepe wetu wa kupimia. Fundi anaona mambo ambayo hata mke wa mtu hayaoni: bega moja lililoshuka, tumbo lililohamia upande, makalio yaliyokimbia. Kazi yake ni kuyafunika na kufunga mdomo. Nina mteja wa forodhani ambaye bega lake la kuume liko chini vidole viwili. Namwekea sponji ndani ya koti, na huu ni mwaka wa kumi na moja anatembea mjini akijiona amenyooka kama rula. Nani amwambie? Si mimi.

Tunafanya kazi hivi. Mimi nashika utepe na kuita namba kwa sauti, Aziza anaziandika kwa kalamu ya bluu kwenye daftari, mteja anasikia na kuridhika. Lakini namba yenye aibu siiti. Naita namba nzuri, Aziza anaiandika, kisha mteja akishatoka nachukua penseli na kuandika ile ya kweli pembeni, ndogo ndogo, kwa macho yangu peke yangu. Aziza aliona penseli hizo miaka na miaka akidhani ni hesabu zangu za mshono. Sikumsahihisha.

Mwalimu Gaspard alikuja kwangu mara ya kwanza mwaka 2017, mwezi wa nane, kushona suruali ya harusi. Anafundisha darasa la tano kwenye shule moja upande wa mlimani, anakaa mtaa wa Songo, na wakati ule alikuwa na miaka ishirini na saba, mwembamba, mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza utani. Nilimpima paja la kuume kama ninavyompima kila mtu, shibiri moja juu ya goti: santimita hamsini na mbili. Paja moja linatosha kwa watu wote, maana Mungu huumba mapaja mawili mawili. Alipoijaribu ile suruali, miguu yote miwili ilijaa sawasawa. Akaoa Georgette, tukala wali, tukarudi nyumbani.

Mwezi wa nane uliofuata akarudi. Anataka suruali ya kuanzia mwaka wa shule. Nikapima upande wa kuume, hamsini na mbili, nikakata, nikashona. Siku ya kujaribu, upande wa kuume ulikaa kama kawaida na upande wa kushoto kitambaa kikawa kinacheza. Nilidhani nimekosea kukata. Nikajifanya natafuta pini, nikapitisha utepe kwenye paja la kushoto: hamsini. Alikuwa ananitazama kutoka juu. Nikamwambia, "Imekaa vizuri sana, mwalimu, niachie siku mbili nimalizie pindo."

Siku zile mbili niliweka bitana ndani ya mapaja yote mawili, tunaiita dublire, kuume nyepesi na kushoto mara mbili, ngumu kidogo, ili kitambaa kisimame na jicho la mtu lisione tofauti. Nikajiambia ni polio ya utotoni, nikafunga mjadala. Kumbe mwaka mmoja tu kabla yake miguu yote miwili ilijaa sawa, na mimi ndiye niliyeishona suruali ile. Polio haingoji mtu aoe kwanza. Ningekaa dakika tano kufikiri, ningejua. Lakini nilikuwa nimeshafurahi na ufundi wangu.

Ikawa desturi. Kila mwezi wa nane Gaspard anakuja, napima kuume na kuita hamsini na mbili, Aziza anaandika hamsini na mbili, mwalimu anatabasamu, na mimi napitisha utepe kushoto kimya kimya kana kwamba nanyoosha kitambaa. Mwaka wa pili wa kujua, arobaini na nane. Mwaka wa mafuriko ya mto Mulongwe, arobaini na sita. Kila mwaka naongeza bitana. Sitaki kudanganya: nilijivunia. Akipita barabarani na chaki zake mkononi, nilikuwa namwonyesha Aziza kwa kidevu, "Tazama suruali inavyokaa ile."

Mwezi wa kumi mwaka 2023 Gaspard alianguka. Alikuwa anashuka ngazi za udongo za shuleni kwake, goti la kushoto likakunjika lenyewe bila kuteleza wala kusukumwa, akabiringika mbele ya darasa zima. Hakuvunjika kitu. Lakini wenzake walipompandishia suruali juu ili wamwoshe goti, waliona paja lake, na kufikia jioni Songo yote ilikuwa na maelezo. Wengine walisema ni karuho, ile sumu ya kulishwa kidogo kidogo. Mjomba wake alifika kutoka Runingu na jina la jirani tayari mdomoni.

Georgette ni mwanamke anayeuza mchele wa bondeni na hapotezi maneno. Alimsikiliza mjomba mpaka mwisho, akamwongezea chai, akamwambia, "Papa, kama ni jirani, jirani haendi popote, tutamukuta. Acha kwanza twende ku hospitali."

Hospitalini walimngoja Daktari Habonimana, ambaye anavuka mpaka kutoka Bujumbura Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, na kazi yake ni mishipa ya fahamu. Hayo yaliyotokea humo ndani alinisimulia Gaspard mwenyewe Ijumaa yake. Nilikuwa natoka msikitini, nikamkuta amekaa kwenye benchi la kibanda changu, fimbo kati ya magoti.

"Amenipiga nyundo ndogo mu magoti," alisema. "Ya kuume inaruka. Ya kushoto iko inalala. Amenichoma sindano miguu yote, akauliza kama nasikia. Nasikia yote. Maumivu? Hapana. Mugongo? Hapana. Sukari? Wamepima, haiko. Sasa akauliza: ilianza lini?"

"Ukamwambia nini?"

"Nilisema sijui. Georgette akasema pengine mwaka huu, sababu njo mwaka huu nilianguka." Akachora kitu chini kwa fimbo. "Munganga akanyamaza. Minye sikupenda vile alinyamaza."

Nilimwuliza kwa nini. Alieleza taratibu, kwa sauti ile ile anayofundishia hesabu. Kuna ugonjwa, alisema, unaoanzia kwenye mguu mmoja kisha unapanda, unaingia mguu wa pili, mikono, koo, mpaka pumzi. Na kuna mwingine unaokula misuli ya mguu mmoja tu kwa miaka michache, halafu unalala na hauamki. Kwa macho yanafanana. Kinachoyatenganisha ni mwendo wake.

"Akasema, kama muguu umekauka hivi mu mwaka moja, anaogopa ile ya kwanza," alisema Gaspard. "Kama ni miaka mingi, polepole, anaogopa kidogo. Lakini nani anajua? Hakuna muntu alipima muguu yangu mbele ya leo. Kwa hiyo amepima leo, ameandika. Atapima tena, na tena. Kisha mwaka moja, ao miaka mbili, tutajua."

"Miaka mbili?"

"Njo hivyo. Na kuko picha ya mugongo, ile ya kulala ndani ya mashine. Iko Kigali."

Kisha akatoa bahasha mfukoni. Ilikuwa barua ya kuacha kazi. Angeikabidhi kwa mkuu wa shule muhula ukifungwa, mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa na watoto wawili, Jolie na mdogo wake, na mama yake mzazi bado ana shamba Runingu. Kama ugonjwa ni ule wa pumzi, alitaka kuwahamishia kwa bibi yao wakati yeye mwenyewe bado anaweza kutembea na kuwajengea chumba. Hakutaka kungoja miaka miwili aje kubebwa na Georgette.

"Uko na maoni gani, fundi?" aliniuliza.

Daftari zilikuwa juu ya rafu nyuma ya kichwa changu, saba, kila moja na mwaka wake. Nilikuwa na jibu. Nilimmiminia chai, nikaweka sukari vijiko vitatu, nikamwambia Mungu ni mkubwa. Mungu ni mkubwa kweli, lakini si hilo aliloniuliza. Alikunywa, akashukuru, akaondoka na fimbo yake.

Aziza alikuwa kwenye mashine yake wakati wote huo na alisikia kila neno. Alipanda juu ya kiti, akazishusha daftari zote saba, akaketi sakafuni na kuanza kufungua kurasa. Aziza akinyamaza hivyo mimi hutafuta kofia yangu, lakini siku ile sikuwahi.

"Hizi penseli ni za nini?" akauliza.

"Za mshono."

"Iddy, minye iko natumika kazi na weye miaka makumi mbili na tatu. Mshono gani iko inashuka kila mwaka kwa muntu moja?"

Nikamwambia ni siri ya kazi. Nikamtajia na baba.

"Siri ya kazi ni tumbo kubwa ya pasta wa kanisa!" Alisimama. "Muguu ya mutoto wa watu iko inakauka, weye iko unaweka dublire! Na mimi unaniandikisha uongo, kwa mukono yangu! Baba yako alikuwa fundi, Mungu amurehemu, na hata yeye angekupiga kofi ingine."

Nilikasirika sana, kama anavyokasirika mtu asiye na la kujibu. Nilisema maneno ambayo siyarudii hapa. Nilifunga kibanda mapema na sikula chakula chake jioni ile, jambo ambalo liliniumiza mimi peke yangu kwa sababu alikuwa amepika mugebuka, samaki wa ziwani ninayempenda.

Sasa niseme ukweli wa mwezi ule mzima. Niliogopa. Si kwamba sikuelewa namba zangu; nilizitazama kila siku Aziza akiwa sokoni. Hamsini na mbili, hamsini, arobaini na nane, arobaini na sita, arobaini na tano. Nilichoona mimi ni kwamba mwaka ule wa kwanza mguu ulikuwa umepungua santimita mbili tu. Mbili tu! Kama kulikuwa na dawa, ilikuwa ni wakati ule. Nikipeleka daftari, daktari atauliza nani alijua, na atamwambia Gaspard mbele ya mkewe: mguu huu ungeokolewa, mtu fulani alinyamaza. Nilijiona nikitoka kwenye chumba kile bila rafiki na bila jina. Nilikuwa na miaka hamsini na sita na nilikuwa tayari kumwacha mtu ahame mji ili mimi nisiaibike.

Jumatano ya mwisho Aziza aliniwekea daftari kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga. "Kesho ni Alhamisi ya munganga," alisema. "Unapeleka weye ao napeleka minye. Nikipeleka minye, nitasema yote."

Nikapeleka mimi.

Niliwakuta wameshaingia. Gaspard alikuwa kitandani na kaptula, Georgette kwenye kiti na mkoba wake mapajani. Daktari Habonimana ni mrefu, ana miwani anayoivaa kwenye paji la uso na kuisahau. Aliniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni fundi wake. Fundi wa nini? Wa suruali.

"Sisi hapa hatujaagiza suruali," alisema, lakini bila ubaya.

Niliweka mfuko mezani, nikafungua daftari moja moja kwenye ukurasa wa Gaspard, nikazipanga kwa miaka. Daktari aliishusha miwani.

"Hii ya bluu imeandikwa na nani?"

"Mke wangu. Ni ya kweli kwa kuume tu."

"Na ya penseli?"

"Yangu. Hiyo ndiyo ya kweli ya kushoto."

Georgette aliinua kichwa. Gaspard hakuinua chake.

Daktari alisoma kwa kidole kutoka mwaka hadi mwaka, akarudi mwanzo, akasoma tena. Akataka kujua nilipimia wapi. Nikamwonyesha: shibiri moja juu ya goti, mtu amesimama. Shibiri ya nani? Yangu, tangu nilipokuwa kijana. Akanipima shibiri yangu kwa rula yake, ikatoka santimita ishirini na mbili, akaandika. Kisha akamsimamisha Gaspard, akanikabidhi utepe wake mwenyewe na kugeuka ukutani asione. "Pima yote mawili. Usiniambie. Andika."

Nilipiga magoti mbele ya Gaspard kama nilivyopiga mara saba. Safari hii hapakuwa na kitambaa kati yetu. Paja la kushoto lilikuwa na bonde upande wa mbele, ngozi yake safi, haina kidonda. Niliandika hamsini na mbili na arobaini na tano. Daktari akapima baada yangu, kwa alama aliyoweka kwa kalamu. Hamsini na mbili na arobaini na tano.

Aliketi, akatuita sote tuzisogelee daftari.

"Tazameni," alisema. "Mwaka 2018, hamsini. Halafu arobaini na nane, arobaini na sita. Unashuka. Mwaka 2021, arobaini na tano, sasa unachoka kushuka. Mwaka jana? Arobaini na tano. Mwezi wa nane mwaka huu? Arobaini na tano. Leo? Ile ile. Na mguu wa kuume haukuguswa hata mara moja." Alimgeukia Gaspard. "Ule ugonjwa ninaouogopa haupumziki miaka miwili. Huu wako ulianza miaka mitano iliyopita, ukala misuli, ukalala. Goti lilikunjika kwa sababu misuli inayolishika imepungua, si kwa sababu ugonjwa unakimbia."

"Umelala kabisa?" aliuliza Georgette.

"Mimi naamini hivyo. Lakini siwezi kuapa kwa daftari peke yake. Nataka picha ya mgongo, tusije tukakuta kitu kinabana mishipa, na nataka Bujumbura wapime umeme wa misuli ya miguu yote na mikono. Mpaka hapo, usiache kazi. Na mazoezi ya kushika goti, kila siku."

Georgette aliweka mkoba chini, akavuta hewa mpaka mabega yakapanda, akaitoa taratibu. Mimi sikuweza kungoja. Nilimwuliza daktari kile kilichokuwa kinanila: kama ningesema mwaka ule wa kwanza, mguu ungepona?

Alivua miwani kabisa. "Kwa ugonjwa huu, hapana. Hauna dawa, leo wala siku ile. Lakini wewe hukujua kwamba ni huu. Kama ingekuwa uvimbe kwenye mgongo, tungeutoa mwaka 2018 na angecheza mpira. Ungekuwa umemshonea kilema, mzee wangu, vizuri sana, miaka mitano."

Gaspard alikuwa anavaa suruali yake, ile niliyoishona mimi, akifunga mkanda polepole. Hakuniangalia. Nilikusanya daftari, daktari akabaki na nakala aliyojiandikia, nikatoka. Nilitembea kwa mguu hadi nyumbani.

Miezi miwili Gaspard hakupita mbele ya kibanda changu. Anapita njia ya chini, Aziza aliniambia, ile ya upande wa ziwa, ambayo ni ndefu kwa mtu mwenye fimbo. Nilisikia amechana barua ya kazi. Nilisikia wamekwenda Kigali, wamekwenda Bujumbura, wamerudi. Matokeo sikuyasikia, na sikuwa na uso wa kuyauliza. Nilishona suruali za watu na kila nilipoita namba sauti yangu ilinichukiza.

Mwezi wa pili, asubuhi ya Jumamosi, alikuja. Alikuwa amevaa kifaa cha kushika goti juu ya suruali, hadharani, na mkononi ana bahasha kubwa ya hospitali. Aliketi kwenye lile benchi, akaiweka bahasha pembeni yake.

"Mugongo iko safi," alisema. "Hakuna kitu inabana. Umeme ya muguu ya kuume, sawa. Mikono, sawa. Ya kushoto, wamekuta jeraha ya zamani, imelala. Munganga ameandika jina yake ndefu ya Kifaransa. Anasema nitafundisha mpaka nizeeke."

Nilisema alhamdulillahi, na nilisema kwa moyo wote. Kisha nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa kwa miezi miwili, una mwanzo na mwisho, nikaweka na habari za baba. Alinisikiliza mpaka nilipokwama mwenyewe katikati.

"Fundi," alisema, "mwalimu gani wa Uvira iko anashonesha patalo kila mwaka?"

Nilimwambia nilidhani anapenda kupendeza.

"Ile ya harusi bado iko nzima. Ingenitosha mpaka leo." Alikuwa anatazama mikono yake. "Nilikuwa nakuja unipime."

Mashine ya Aziza ilisimama.

"Tangu mwaka wa pili, patalo zangu nafula minye mwenyewe," alisema. "Sikutaka Georgette ajue. Naanika asubuhi. Upande wa kuume, saa sita iko kavu. Upande wa kushoto, mpaka jua inaenda, bado maji. Siku moja nikafungua mushono kidogo, nikakuta dublire mbili. Nikasema: aah, basi fundi anajua."

"Mbona hukuniuliza, mwalimu?"

"Niliogopa. Nilijiambia nitaenda anipime, safari hii atasema. Weye unaweka metre kushoto, nasikia vidole yako iko inasimama, unanyamaza, kisha unaita hamsini na mbili. Narudi ku nyumba na furaha. Nasema, kama ingekuwa kitu mubaya, fundi angesema. Furaha inakaa siku mbili, tatu. Kisha nafula patalo." Akapumua. "Na ile siku ya Ijumaa, nilikuwa nimekuja kutafuta zile namba. Ukanipa chai."

Nimeshonea watu miaka thelathini na tano na sijawahi kuona aibu kama ile. Nilidhani nilimfunika asionekane. Kumbe mara sita mtu alitembea kutoka Songo hadi kwangu ili asikie sentensi moja, na mara sita nilimrudisha nyumbani bila hiyo.

"Sema sasa," alisema Gaspard.

"Niseme nini? Daktari ameshasema kila kitu."

"Munganga amesema yake. Minye nataka kusikia weye."

Palikuwa na wateja wawili mlangoni, mmoja na kitambaa begani. Nilimtazama Aziza, naye akanitazama bila kunisaidia. Nikaita kwa sauti ile ile ninayoitia namba.

"Mwalimu, mguu wako wa kushoto umekonda."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nane, mwaka elfu mbili na kumi na nane. Ulipungua santimita mbili. Niliona siku ile ile."

Gaspard alitikisa kichwa kukubali, kisha akafunika uso kwa mikono miwili na kulia, bahasha ya habari njema ikiwa pembeni yake, akalia kilio cha mtu aliyeambiwa asubuhi hiyo hiyo. Wale wateja waliondoka mlangoni. Mimi niliketi kwenye benchi karibu naye, nikaweka mkono mgongoni mwake, nikangoja amalize.